Jinsi jumuiya za wenye nyumba za ghorofa zinavyoweza kupunguza gharama na kuongeza mapato

Kumiliki nyumba ndani ya jengo la ghorofa ni kumiliki vitu viwili kwa pamoja: vyumba vyako mwenyewe, na fungu lako katika paa, ngazi, lifti, mabomba na ua. Kwa Tanzania Bara umiliki wa namna hii unatambuliwa na Sheria Namba 16 ya mwaka 2008 inayohusu hati za sehemu za jengo, na Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2010. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1987 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na ile ya mwaka 2020. Katika sheria hizo, utunzaji wa sehemu za pamoja ni wajibu wa wamiliki wenyewe kupitia chombo chao.

Tatizo kubwa la vyombo hivyo ni fedha, na mara nyingi chanzo chake ni wasiolipa. Tuchukue mfano wa jengo lenye nyumba 40, kila moja ikitakiwa kuchangia Sh60,000 kwa mwezi. Makusanyo kamili ni Sh2,400,000. Wamiliki 10 wasipolipa, Sh600,000 hupotea, na ili kuziba pengo hilo wale 30 waliobaki wangelazimika kulipa Sh80,000 kila mmoja. Hivyo, kabla ya kupandisha ada, jumuiya haina budi kudai malimbikizo, kutoza kupitia benki au simu badala ya fedha mkononi, na kubandika taarifa ya mapato na matumizi kila mwezi. Mtu hulipa kwa moyo anapoona fedha yake ilikokwenda.

Hatua ya pili ni kupima. Umeme wa korido, pampu na lifti uwe na mita yake ya LUKU, na kila nyumba iwe na mita yake ndogo ya maji, kwani bili ya pamoja humfanya mwangalifu amlipie mfujaji. Taa 20 za wati 60 zikiwaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 432 kwa siku 30. Zikibadilishwa kwa taa za LED za wati 9, matumizi hushuka hadi uniti 65 hivi.

Aidha, mikataba ya ulinzi, usafi na uzoaji taka ishindanishwe kila baada ya muda maalumu, na majengo jirani yanaweza kuajiri kampuni moja ili kupata bei nafuu.

Hata hivyo, si kila kinachopunguzwa ni akiba. Kuahirisha matengenezo ya lifti, kuziba ufa wa paa au kulipia bima ni kukopa kwa riba kubwa, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Suala hili linawagusa hata wenye kipato cha chini: mwaka 2022 kaya 644 zilitengewa makazi katika maghorofa mapya ya Magomeni Kota, Dar es Salaam, mahali palipokuwa na nyumba za chini zisizo na lifti wala pampu za kuhudumia.

Kwa upande wa mapato, paa linaweza kukodishwa kwa kampuni za simu kuweka antena, ukuta unaotazama barabara kwa mabango, ukumbi kwa shughuli za familia, na maegesho yanayobaki wazi mchana kwa wafanyakazi wa ofisi za jirani. Kabla ya kusaini, mkutano mkuu uridhie, mhandisi athibitishe kuwa jengo linahimili uzito, vibali vya mamlaka husika vipatikane, na kodi ikokotolewe.

Mapato hayo yasitumike kufuta ada. Yawekwe katika mfuko wa akiba wenye akaunti yake na watia saini zaidi ya mmoja, ili siku pampu itakapokufa, wakazi wasianze kupitisha daftari la michango mlango kwa mlango huku mabomba yakiwa makavu.