Ufito wa Rili ya Juu kwa Vyambo Vyepesi

Ufito wa rili ya juu kwa vyambo vyepesi ni chombo cha uvuvi wa burudani, kilichoundwa ili mvuvi apate kurusha chambo bandia cha uzito wa baina ya gramu 2 na gramu 7 kwa rili ikaayo juu ya mpini, ambayo kibiringo chake huzunguka kadiri mshipi unavyotoka. Nayo ni tofauti na rili ikaayo chini ya mpini, ambayo kibiringo chake hutulia tuli wakati wa kurusha. Kwa muda wa zaidi ya karne moja rili ya juu ilihesabiwa kuwa ni ya vyambo vizito, kwa maana chini ya gramu 10 hivi mshipi wake ulikuwa hautoki ila kwa matata, mpaka mafundi wa Japani walipoipindua hukumu hiyo katika miongo ya mwanzo ya karne ya 21. Auchaguaye ufito wa aina hii hana budi kuanza na chambo atakachokirusha, kisha kibiringo kitakachozungushwa na chambo hicho, na ufito wenyewe auweke mwisho katika hesabu, ingawa dukani ndio uonekanao kwanza.

Asili ya chombo

Chanzo cha rili ya juu kimo katika jimbo la Kentucky, Marekani, ambako mapema katika karne ya 19 George Snyder, fundi wa saa na mfua fedha wa mji wa Paris wa jimbo hilo, aliunda rili yenye magurudumu ya meno, hata mkono ukizungushwa mara moja kibiringo kikazunguka mara kadhaa. Kazi hiyo ilishikwa baadaye na ndugu wawili wa Frankfort, Jonathan na Benjamin Meek, nao vilevile mafundi wa saa, na rili zao, zilizofuliwa kipande kwa kipande kwa mkono, zilisifika kwa ulaini usio kifani, hata leo wakusanyaji wa vitu vya kale huzigombania. Haikuwa bahati nasibu kwamba sanaa hii ilianzia kwa watu wa saa, maadamu muradi wa rili na muradi wa saa ni mmoja, nao ni kulifanya gurudumu dogo lizunguke kwa nguvu ndogo pasipo kukwaruza. Mwishoni mwa karne hiyo William Shakespeare wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, akatengeneza rili yenye kipanga mshipi, yaani kile kijiti kiendacho huko na huko ili mshipi ujipange sawasawa juu ya kibiringo, na tangu hapo rili ya juu ikawa chombo cha watu wote.

Fito za zama zile zilikuwa za mti, kisha za mianzi iliyopasuliwa na kuunganishwa tena kwa gundi. James A. Henshall, daktari aliyechapisha mwaka 1881 kitabu mashuhuri juu ya samaki aitwaye besi mweusi, alipendelea ufito wa futi 8 na robo. Wavuvi wa pande za Chicago na Michigan wakaupunguza hata kufikia futi 6 hivi, ili mtu arushe kwa mkono mmoja kupitia juu ya bega. Faibaglasi iliingia katika miaka ya 1940. Ama kaboni, ilianza kuuzwa kwa wingi na kampuni ya Toray ya Japani mwaka 1971, na mwaka uliofuata kampuni ya Olympic ya nchi hiyohiyo ikatoa ufito wa kaboni kwa ajili ya samaki wa mitoni aitwaye ayu. Wamarekani nao hawakukawia, na kampuni ya Fenwick ikaleta fito zake kabla ya muongo huo kufika nusu.

Ulaya mchango mkubwa ulitoka Svängsta, Sweden, kwa kampuni ya ABU, ambayo Carl August Borgström aliiasisi mwaka 1921 kuwa kiwanda cha saa, kisha ikatengeneza mita za teksi, na vita vikuu vya pili vilipoiharibia biashara hiyo ikageukia rili. Ambassadeur 5000, iliyotolewa mwaka 1952, ndiyo iliyoenea duniani. Lakini katika habari hii mdogo wake, Ambassadeur 2500C ya miaka ya 1970, ana cheo kikubwa zaidi, kwa kuwa wavuvi wa trauti wa Japani walikipenda kile kiwiliwili chake kidogo, wakaking'oa kibiringo cha asili na kutia kingine kilicho hafifu, na kwa ufundi huo wa mikono ya watu binafsi wakadhihirisha jambo ambalo viwanda vilikuwa havijalitia maanani.

Japani yenyewe ilikuwa na haja ya vyambo vyepesi kuliko nchi nyingine. Besi mweusi alipelekwa huko kutoka California mwaka 1925 na Akaboshi Tetsuma, aliyemtia katika ziwa Ashi, na kutoka hapo akasambazwa maziwani kote. Katika maji machache yenye wavuvi wengi samaki huyo akawa mwerevu, hakubali tena vyambo vikubwa vyenye kelele, na mvuvi akalazimika kumnyemelea kwa mnyoo wa mpira wenye chubwi ya gramu mbili au tatu. Kazi hiyo ingefanywa kwa rili ya chini, na kweli hufanywa. Walakini samaki akikaa katika magogo na mizizi, mshipi wa rili ya chini aghalabu huwa mwembamba mno kumtoa, na mvuvi hutamani nguvu na shabaha ya rili ya juu. Kampuni ya Daiwa ilikuwa imekwisha kutia breki za sumaku katika rili zake tangu miaka ya 1980. Shimano, kampuni ya mji wa Sakai iliyoanza mwaka 1921 kwa vipuri vya baiskeli, ikatoa mwaka 2012 Aldebaran BFS, rili iliyowekwa makusudi kwa kazi hii, na mfumo huu wa kurusha vyambo vyepesi ukapata jina, yaani BFS, na soko.

Kanuni ya kurusha

Chambo kinaporushwa kina kazi mbili, kusafiri chenyewe na kukizungusha kibiringo ili kitoe mshipi. Kibiringo cha rili ya kawaida, chenye uzito wa gramu 15 mpaka 20 kabla ya kutiwa mshipi, hukitii chambo cha gramu 14, yaani nusu wakia, pasipo shida. Lakini mbele ya chambo cha gramu 3 ama kibiringo huchelewa kuanza, na chambo kikaanguka karibu, ama hushika kasi kikaendelea kuzunguka ilhali chambo kimekwisha kupungua mwendo, na mshipi ukatatana ndani ya rili. Dawa yake ni kukipunguzia kibiringo uzito, hasa uzito ulio mbali na mhimili, kwani ukaidi wa kitu kizungukacho huongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali huo. Ndiyo maana vibiringo hivi hutobolewa matundu, huwa vyembamba na vya kina kifupi, aghalabu havifiki gramu 10, wala havitiwi mshipi zaidi ya mita 30 mpaka 50. Mshipi nao si wa kudharauliwa: mita 100 za florokaboni yenye unene wa milimita 0.2 zina uzito wa gramu 5 na nusu hivi, ambao ni karibu mara mbili ya chambo cha gramu 3, na kila gramu yake huzunguka ukingoni, mahali penye madhara zaidi.

Kazi ya ufito katika jambo hili ni kurefusha msukumo. Ufito uliokakamaa haupindwi na chambo chepesi, kwa hiyo nguvu yote ya mkono hufika kwa kishindo kimoja, kibiringo kikashtuka na kuupita mshipi kabla chambo hakijaondoka; ufito uliolegea kwa kiasi hupindika mkono unaporudi nyuma, kisha hujinyosha taratibu, na chambo hupata mwendo unaokua hatua kwa hatua, nacho kibiringo hukifuata kwa utulivu.

Sifa za ufito

Mpindo. Sifa hii ndiyo ya kutangulizwa. Kuna fito zipindikazo theluthi ya juu peke yake, zipindikazo hata nusu, na zipindikazo hata mpinini. Kwa vyambo vya gramu 2 hadi 4 vyenye ndoana nyembamba za ncha tatu, mpindo wa nusu ndio ufaao, kwa kuwa hurusha kwa upole na hauzing'oi ndoana kinywani mwa samaki. Kwa minyoo ya mpira yenye ndoana moja, ambayo mvuvi ataka kuhisi ikigusa mawe, huchaguliwa mpindo wa juu, mradi ncha iwe laini ya kutosha. Baadhi ya mafundi hutia ncha ya kaboni isiyo na uwazi ndani, iliyo nyembamba na nyepesi kupindika. Wengine hupendelea ncha yenye uwazi, ambayo hujinyosha upesi zaidi.

Nguvu. Fito huandikwa herufi za kuonyesha nguvu, UL kwa dhaifu mno, L kwa nyepesi, ML kwa iliyo baina ya nyepesi na wastani, pamoja na uzito wa vyambo unaopendekezwa. Maandishi haya ni hukumu ya kiwanda chenyewe na hayana mizani moja ya kimataifa, hata L ya ufito wa besi yaweza kuwa ngumu kuliko ML ya ufito wa trauti. Ufito ulioandikwa gramu 1.8 hadi 7 hufanya kazi yake nzuri katikati ya mipaka hiyo. Pale chini kabisa chambo hurushika, lakini ufito haujui kwamba kimo. Kwa hiyo atumiaye zaidi chambo cha gramu 3 na atafute ufito ambao gramu 3 ziko mbali na mpaka wake wa chini.

Urefu. Kwa vijito vilivyofunikwa na miti, futi 4 na nusu mpaka 5 na nusu; kwa maziwa na mitumbwi, futi 6 na inchi chache mpaka 7. Ufito mrefu hutupa mbali, ila ncha yake huwa nzito na huchosha mkono.

Malighafi. Kaboni hupimwa kwa ukakamavu, ambao Wajapani huuandika kwa tani, kuanzia 24 kwa ile ya kawaida hadi 40 na zaidi kwa ile ya ghali. Kadiri tani zinavyozidi ndivyo ufito unavyokuwa mwepesi na wenye kuhisi, na ndivyo unavyokuwa mwepesi wa kuvunjika. Wanunuzi wengi huvutwa na tani kubwa, ilhali kwa vyambo hafifu kaboni ya wastani, hata iliyochanganywa na faibaglasi, mara nyingi hurusha vizuri zaidi.

Pete. Kwa kuwa mshipi wa rili ya juu hupita mgongoni mwa ufito, ufito ukipindika mshipi hutaka kuugusa; hivyo pete huwa nyingi kuliko zile za ufito wa rili ya chini, ndogo, na nyepesi hasa karibu na ncha, maana uzito wowote huko huchelewesha ncha kujinyosha. Pete za Fuji zenye ukingo wa kabidi ya silikoni ndizo zisifiwazo zaidi.

Mpini. Huwa mfupi, wa gamba la koki au wa povu gumu, wenye kijino chini kwa ajili ya kidole cha shahada.

Kuujaribu kabla ya kununua

Njia nyepesi ni kufunga rili, kuupitisha mshipi katika pete zote, na kuning'iniza chambo kilekile kitakachotumiwa: ufito ukishikwa sambamba na ardhi, ncha iiname kidogo kwa uzito huo, na ukitikiswa kwa kiwiko usiendelee kutetema muda mrefu. Kisha mshipi uvutwe mpaka ufito upinde nusu duara, na itazamwe kama unaugusa ufito baina ya pete. Mwisho upimwe ulinganifu juu ya kidole penye kijino. Rili nyingi za aina hii zina uzito wa gramu 130 mpaka 170, na ufito uliofanyiwa rili nzito huweza kuinama mbele.

Kwa wapendao hesabu, Mmarekani William Hanneman alibuni njia ya kuning'iniza mfuko wenye sarafu za senti moja za nchi yake, ambazo tangu zilipobadilishwa madini katika mwaka 1982 zina gramu 2.5 kila moja, mpaka ncha ishuke kwa theluthi ya urefu wa ufito. Idadi ya sarafu huonyesha nguvu, na pembe ya ncha huonyesha mpindo. Kwa njia hii fito za viwanda mbalimbali zaweza kulinganishwa bila kuamini herufi.

Katika maji ya chumvi

Ufito huu hutumiwa Japani kwa samaki wadogo wa miambani, na rili huoshwa kwa maji baridi baadaye.

Katika Afrika ya Mashariki

Samaki wa kulingana na ufito huu wapo: trauti walipandikizwa katika mito ya milima ya Aberdare, Kenya, tangu mwaka 1905, na besi mdomo mpana katika ziwa la Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Trauti huko huvuliwa zaidi kwa nzi bandia.

Hali ya sasa

Katika Japani besi mweusi ametiwa katika sheria ya viumbe vamizi iliyopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, na mkoa wa Shiga, wenye ziwa Biwa, ulikwisha kukataza tangu mwaka 2003 kumrudisha majini aliyenaswa. Uvuvi wenyewe haukukatazwa. Viwanda vya China navyo huuza rili na fito za aina hii kwa bei nafuu. Kwa vyambo vya chini ya gramu 2 rili ya chini ingali rahisi zaidi kwa wavuvi wengi.