Rika si Wenza

Chuo kimoja, ambacho kwa heshima sikitaji, kimetoa mwongozo unaoagiza kwamba ubora wa utafiti wake katika usimamizi wa ujenzi upimwe kwa "tathmini rika", yaani kile Waingereza wanachokiita peer review. Maneno mawili, na yote mawili yamekosewa. Kamati iliyoyatunga ingefika Kisongo, Arusha, siku moja tu, ingefundishwa rika ni nini na mtoto anayechunga mbuzi.

Kwa Wamaasai na Waarusha, rika ni watu waliotahiriwa katika kipindi kimoja wakabeba jina moja: Makaa, Landisi, Korianga. Mila inamtaka mwanarika ampe mwenzake chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa. Na wanaowaonya morani si wanarika wao, ni wazee wa olpiron, waliowatangulia kwa marika mawili. Ukisema "tathmini rika" huku, umesema watu wamekubaliana kustiriana.

Kustiriana ndio ugonjwa wa fani yenyewe ya usimamizi wa ujenzi. Ile makala kila mtu anaijua: hojaji inapelekwa kwa makandarasi na wakadiriaji majenzi, wapange sababu za miradi kuchelewa, majibu yanageuzwa fahirisi, malipo ya mteja yanaonekana kukawia, kwisha. Huyu ameandika hiyo, yule ameandika hiyo, nani atamkatalia nani? Mwaka 1995 David Seymour na John Rooke walilalamika katika jarida la Construction Management and Economics kwamba utafiti wa fani hii unabariki kimyakimya mitazamo ileile ya sekta inayohitaji kubadilishwa. Göran Runeson akawajibu mwaka 1997 akiitetea njia ya kisayansi. Hao hawakuwa rika. Walikuwa wenza, na walivutana kama wenza.

Sasa hilo la "tathmini". Mzizi wake ni wa Kiarabu, uliozaa pia thamani, na thamani ni bei. Neno hilo tumeshampa mthamini, anayekuja kuhesabu vyumba na migomba kabla ya fidia. Uingereza, ambayo tangu 1986 inatumia majopo ya wasomi kuamua vyuo vipewe fedha kiasi gani za utafiti, labda ina haki ya kuzungumza bei. Sisi hatujafika huko.

Ninachopendekeza, na nilikwisha kukipendekeza kabla baadhi ya wajumbe hawajajua kuandika barua rasmi, ni "uhakiki wenza". Hakiki inatoka katika ukoo wa haki, hakika, uhakika na hakikisha. Humo mna haki ya mwandishi asionewe, mna hakika ya takwimu zake, mna uhakika wa msomaji atakayejenga kwa kuziamini. Neno gani jingine linabeba yote matatu? Na mwenza ndiye anayelingana nawe kwa kazi, hata akiwa na umri wa babu yako. Kilatini, ambako Waingereza waliokota neno lao peer, husema par, yaani sawa. Umri haumo.

Wapinzani wangu (wawili, na mmoja anamfuata mwingine) wanasema uhakiki ni wa washairi. Mbona Serikali ya Tanzania ilihakiki vyeti, na Aprili 2017 watumishi 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi? Basi linatisha, wanasema. Litishe! Wanasema tena kwamba wenza ni wake wenza. Sawa; nani anayejua kasoro za jiko la mke mkubwa kuliko mke mdogo? Na wasiniambie istilahi mpya haizoeleki: "wakadiriaji majenzi" limo katika jina la bodi inayowasajili, na hakuna anayekwama kulitamka.

Matumizi ni mepesi: makala imehakikiwa na wenza wawili, mhakiki mwenza, wahakiki wenza, jarida lenye uhakiki wenza. Wanaotaka kifupisho wajitungie.