Hongo na Ushuru: Wafanyabiashara wa Misafara katika Maandishi ya Kiingereza Kuhusu Nchi ya Meru na Arusha

Historia ya biashara ya mbali katika eneo la Mlima Meru kabla ya ukoloni imejengwa, mbali na masimulizi ya wazee, juu ya maandishi ya Waingereza: taarifa za mabalozi wadogo wa Unguja, makala za wamisionari na vitabu vya wasafiri. Insha hii inahoji jambo moja katika maandishi hayo, nalo ni namna yanavyotaja malipo ya njiani. Malipo ambayo mfanyabiashara aliyatoa kwenye forodha ya Unguja huitwa ushuru. Yale aliyoyatoa nyikani huitwa hongo, na aghalabu huelezwa kama unyang'anyi. Hoja ya insha ni kwamba tofauti hiyo imetokana zaidi na jicho la mwandishi kuliko na malipo yenyewe, na kwamba historia ya biashara ya Uingereza inatupatia kipimo cha kulionyesha hilo.

Kwanza, vyanzo vyenyewe. Mwaka 1870 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilichapisha makala ya Thomas Wakefield, mmisionari wa Ribe karibu na Mombasa, kuhusu njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Mwaka 1882 kilichapisha nyingine ya J. P. Farler wa misheni ya Magila, Usambara, kuhusu njia zitokazo Pangani kuelekea Umaasai na ziwa Nyanza. Wakefield alieleza wazi kwamba sehemu kubwa ya habari zake alipewa na Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa upande wa Gazi. Kwa hiyo tunachokiita chanzo cha Kiingereza kwa kiasi kikubwa ni maarifa ya watu wa pwani yaliyopitia kalamu ya mgeni. Mtafiti anapaswa kukumbuka hilo kila anapokutana na tathmini kali pembeni mwa orodha ya vituo: orodha ni ya mwenyeji, tathmini huenda si yake.

Katika njia ya Pangani, misafara ilipanda kufuata bonde la mto Ruvu hadi Arusha Chini, kusini mwa Kilimanjaro, kisha Arusha Juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Majina haya mawili yamewachanganya wasomaji wengi, na mtu asipoangalia ni Arusha ipi inayotajwa ataihamisha biashara nzima kwa safari ya siku kadhaa. Arusha Juu ilikaliwa na Waarusha, wakulima wasemao Kimaa, waliohamia hapo kutoka Arusha Chini takriban miaka ya 1830. Majirani zao, Wameru, walikuwa wametangulia kwa muda mrefu. Mvua, mifereji na migomba vilizifanya nchi hizo kuwa ghala la chakula kabla ya tambarare kavu. Pembe za ndovu, bidhaa iliyoandikwa na kupimwa kwa frasila huko Unguja, zilitafutwa mbele zaidi. Lakini bila ndizi, mahindi na maharage ya Meru hakuna mpagazi ambaye angefika huko. Forodha haikuandika ndizi. Ndiyo maana katika hesabu za pwani nchi ya Meru karibu haionekani, na katika vitabu vya wasafiri inaonekana kama mahali pa kununua posho tu.

Bidhaa zilizopanda zilikuwa hasa vitambaa vya merikani, waya wa shaba na wa chuma, na shanga. Kuhusu shanga, Joseph Thomson, aliyesafiri mwaka 1883 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1885, ametuachia ushahidi bora kuliko alivyokusudia. Anasimulia jinsi msafara wake ulivyolazimika kukaa Taveta na kutunga upya shanga zote katika nyuzi za urefu uliokubalika kwa Wamaasai, kwa kuwa bila hivyo zisingepokelewa. Mnyang'anyi hachagui urefu wa uzi. Masharti haya yanaonyesha soko lenye vipimo vyake, ambalo mgeni alilazimika kujifunza kwanza, na hata Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara mzoefu wa pembe aliyefuatana na Thomson, aliyafuata.

Hongo ilitolewa kwa vitu hivyo hivyo. Thomson anaichora kama fujo: morani wakirukia mafungu na kunyang'anyana. Haina maana kukana kwamba fujo hiyo ilikuwapo. Lakini tuliweke pembeni tukio la kugawana na tuangalie kilichonunuliwa: ruhusa ya kupita, kuteka maji, kupiga kambi na kufanya biashara katika nchi ya watu. Sasa tuirudie Uingereza. Mwaka 1275 Mfalme Edward wa Kwanza aliweka ushuru wa shilingi 6 na peni 8 kwa kila gunia la sufu lililosafirishwa nje. Mwaka 1303, kwa hati iitwayo Carta Mercatoria, wafanyabiashara wa kigeni walikubali kuongeza shilingi 3 na peni 4 kwa gunia. Nao wakaahidiwa ulinzi, uhuru wa kuuza na kununua, na haki ya haraka, pamoja na mabaraza ya kesi yenye nusu ya wajumbe kutoka kwa wageni wenyewe. Mgeni alilipa zaidi ya mwenyeji, akapata amani ya njia. Ukiondoa ngozi ya kuandikia na mhuri, makubaliano hayo hayako mbali na yale ya nyika ya Meru.

Msomaji anaweza kupinga kwamba ushuru wa Edward ulikuwa na kiwango, ilhali hongo ilipanda na kushuka kwa matakwa ya mpokeaji. Pingamizi hili lina uzito, ila lisitiwe chumvi. Mwaka 1294 mfalme huyo huyo alipandisha tozo ya sufu hadi shilingi 40 kwa gunia ili kugharimia vita vyake na Ufaransa. Raia wake waliiita *maltote*, yaani tozo mbaya, na mwaka 1297 akalazimika kuiondoa. Kiwango cha haki, kwa hiyo, kilipatikana kwa mvutano kati ya mlipaji na mtawala, na mvutano wa namna hiyo ndio wasafiri waliuona kila walipojadiliana hongo kwa siku nzima, wakauita usumbufu. Hata asilimia 5 ambayo Waingereza waliikubali Unguja katika mkataba wa 1839 ilikuwa tunda la majadiliano. Tofauti ni kwamba Sultani alikuwa na karani na forodha, na meli za kivita za Uingereza zilijua njia ya kumfikia.

Matokeo ya lugha yanastahili kutajwa. Katika Kiswahili cha leo hongo ni rushwa. Mwanafunzi wa Arusha anayesoma kwamba mababu wa eneo lake "walidai hongo" husoma kosa la jinai, wakati mfanyabiashara wa Pangani wa mwaka 1880 alisikia gharama ya safari, kama posho na mishahara ya wapagazi. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba tafsiri za vyanzo hivi zitumie "ada ya njia" pale ambapo muktadha unaonyesha malipo ya kupita, na neno hongo libaki katika nukuu pekee.

Utaratibu huo ulivunjika katika miaka ya 1890. Sotoka iliua ng'ombe, ndui na njaa vikafuata, na nguvu ya Wamaasai ya kulinda au kufunga njia ikapungua sana. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalikuwa yameshauweka Mlima Meru upande wa Wajerumani. Mwaka 1897 wakatangaza kodi ya kibanda, na mwishoni mwa muongo huo wakajenga boma la Arusha kwa kazi ya kulazimishwa ya wenyeji. Tangu hapo anayetoza na anayeandika walikuwa katika jengo moja.