Uvimbe wa nini?

Songea, mtoto akivimba shavu, tunasema ana uvimbe, na wengi hudhani ni jino. Neno hili limetokana na kuvimba: linataja kinachoonekana, chanzo halikigusi. Jipu ni uvimbe, na saratani nayo huanza kwa kuitwa hivyohivyo.

Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akaona kuwa ugonjwa huo umeshamiri kwenye joto na mvua, kulekule kwenye malaria. Leo saratani hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Mzazi, mfunue mtoto kinywa. Meno yakilegea bila kutoboka, na shavu likiongezeka wiki hadi wiki, chale hazisaidii, muda unapotea bure. Hospitalini hukatwa kinyama kidogo kikapimwe maabara. Ikiwa ni limfoma hiyo, tiba yake kuu ni dawa za saratani, si kisu, na uvimbe huweza kunywea upesi.

Kwa hiyo anayeandika “uvimbe” kwenye barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Muhimbili, aongeze: wa taya, tangu lini, na meno yakoje.