Chumvi na Vijidudu

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila mama wa nyumbani analijua nusu yake. Samaki akipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka akawa ng'onda, hukaa siku nyingi bila kuoza. Hiyo ndiyo nusu inayojulikana. Nusu ya pili ni kwamba chumvi haiui vijidudu vyote. Kiko kimoja, jina lake Staphylococcus aureus, ambacho hukaa puani na vidondani mwa watu, nacho huweza kuzaana hata mahali ambapo chumvi imefika sehemu 15 katika 100. Kikiingia katika nyama ya chumvi iliyoshikwa kwa mikono michafu huweza kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha tu. Mlaji hutapika baada ya saa chache, akasema, "Lakini nyama ilitiwa chumvi!"

Je, chumvi hufanya nini hasa, na vijidudu hivyo huishindaje? Jibu lilichukua zaidi ya miaka mia kupatikana.

Kwanza lijaribu jambo hili mwenyewe. Kata vipande vya tango, nyunyiza chumvi, kisha ngoja kidogo. Utaona maji yametoka na vipande vimelegea. Maji hupita katika utando mwembamba kuelekea upande ulio na chumvi nyingi zaidi. Mwaka 1877 Mjerumani mmoja, Wilhelm Pfeffer, bingwa wa elimu ya mimea, alitoa kitabu chenye vipimo vya nguvu hiyo. Baada yake Mholanzi Jacobus van 't Hoff akaitafutia hesabu yake, na mwaka 1901 akapewa tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya kemia.

Sasa mfikirie kijidudu. Ni kama kiriba kidogo mno kilichojaa maji, na kazi zake zote hufanyika ndani ya maji hayo. Ukikitupa katika chumvi, maji hutoka, kiriba hunywea, kazi husimama. Mara nyingi hakifi papo hapo. Kimenyimwa maji tu, nacho hungoja.

Huko Australia, katika miaka ya 1950, wataalamu wa vyakula walianza kupima ni maji kiasi gani kila kijidudu kinahitaji ili kiishi. Mmoja wao, J. H. B. Christian, alitangaza mwaka 1955 jambo la ajabu juu ya Salmonella, jamii ya vijidudu inayoleta ugonjwa wa tumbo. Vijidudu vilivyokuwa vikidhoofika kwa uhaba wa maji vilipata nafuu alipovitilia prolini, mojawapo ya vitu vinavyojenga protini. Prolini si dawa ya kuondoa chumvi. Chumvi ilikuwa pale pale. Basi ilikuwa ikisaidia nini? Kwa miaka mingi jambo hilo halikupata maelezo ya kutosha, na kwa maoni yangu halikupewa heshima iliyostahili.

Sehemu ya kwanza ya jibu ilitoka Marekani. Mwaka 1965 Wolfgang Epstein na Stanley Schultz walionyesha kwamba kijidudu cha matumboni kiitwacho Escherichia coli hupandisha na kushusha potasiamu iliyomo ndani yake kwa kufuata ukali wa maji ya nje. Maji ya nje yakiwa makali, kijidudu huvuta potasiamu kwa haraka. Maana yake ni hii: kwa kuwa maji hukimbilia penye vitu vingi vilivyoyeyuka, kijidudu hujijaza vitu ndani ili maji yasiondoke. Lakini potasiamu ikizidi huvuruga kazi za protini. Ni kama mtu aliyekopa usiku kwa jirani kwa sababu mgonjwa amezidiwa: mkopo umemwokoa, lakini hawezi kukaa nao. Hapana budi atafute kitu kingine cha kuulipia.

Hapa lazima tutaje Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod. Mwaka 1961 walieleza kwamba jeni, yaani maagizo ya urithi, haziachwi wazi wakati wote. Zina namna ya kufungwa na kufunguliwa kama swichi ya taa. Mfano wao ulikuwa sukari ya maziwa: sukari ikiwapo, kijidudu hufungua jeni za kuitumia, isipokuwapo, hazifunguliwi. Swali likawa: je, chumvi nayo inaweza kufungua jeni?

Laszlo Csonka aliliendea jambo hili kwa njia ya werevu. Alichukua sumu inayofanana na prolini, akatafuta Salmonella zisizodhurika nayo. Hoja yake ilikuwa kwamba kijidudu kinachojitengenezea prolini kwa wingi kisingedanganywa na kitu cha bandia. Akapata vya namna hiyo, na kati yake vingine vilikua katika chumvi iliyowasimamisha wenzao. Habari hiyo ilitoka mwaka 1981. Hapo maneno ya Christian yalieleweka: prolini ni kitu cha kujijazia ndani, nayo haivurugi kazi za mwili kama potasiamu. Wataalamu wakaingiwa na tumaini kubwa, hata la kupata mimea itakayostawi katika ardhi ya chumvi. Tumaini hilo limekwenda polepole kuliko walivyodhani.

Katika miaka iyo hiyo, Daniel Le Rudulier na wenzake walionyesha kwamba kiko kitu kinachofaa kuliko prolini, nacho ni betaini. Jina lake limetokana na jina la Kilatini la kiazi kile kinachotoa sukari. Kijidudu cha tumboni hakiwezi kujitengenezea betaini kutoka mwanzo. Hukipata kilichokwisha tengenezwa na mimea na wanyama, kikakiingiza ndani kwa milango maalumu. Jeni za mlango mmojawapo huitwa proU. Ili kujua zinafunguliwa lini, wataalamu waliziunganisha na jeni nyingine iletayo rangi. Rangi ikitokea, swichi imefunguliwa. Chumvi ilipoongezwa, kazi ya proU iliongezeka kufika mara 100. Basi chumvi inafungua jeni, tena kwa nguvu.

Nani anayepeleka habari? Mwaka 1988 Christopher Higgins na wenzake walisema ni uzi wa urithi wenyewe, unaojisokota zaidi chumvi inapozidi. Wengine walisema ni ile potasiamu iliyoingia kwanza. Mabishano yalikuwa marefu, nami sitawachosha nayo. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Michael Hall na Thomas Silhavy, wa mwaka 1981, juu ya matundu ya ngozi ya nje ya E. coli. Matundu hayo ni ya namna mbili, mapana kidogo na membamba kidogo. Protini iitwayo EnvZ hukaa katika utando kama bawabu. Mambo ya nje yakibadilika, humpa fosfati mwenzake OmpR, naye huenda kwenye jeni. Katika maji matamu matundu mapana huwa mengi. Katika ukali wa tumbo la mtu, membamba ndiyo hutawala.

Sasa turudi jikoni. Betaini imo katika vyakula vingi vya mimea, na nyama ina kitu kinachofanana nayo, kiitwacho karnitini. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba Listeria monocytogenes, kijidudu cha hatari hasa kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, hutumia betaini kuvumilia chumvi na hata baridi ya friji. Tunatia chumvi ili kukinyima maji, na chakula kile kile kinakipa silaha.

Iko hatari nyingine, nayo ni mvua. Kijidudu kilichojijaza vitu vingi kikianguka ghafula katika maji matamu, maji hukimbilia ndani nacho hukaribia kupasuka. Mwaka 1987 Boris Martinac, Ching Kung na wenzao waligundua katika utando wa E. coli vilango vinavyofunguka utando unapovutwa. Mwaka 1994 jeni ya kimoja ilipatikana. Mwaka 1999 Ian Booth na wenzake, huko Aberdeen, waliondoa jeni za namna mbili za vilango hivyo kwa pamoja, wakavihamisha vijidudu kutoka maji ya chumvi na kuvitia katika maji matamu. Vilivyokosa namna moja tu vilipona. Vilivyokosa zote mbili, vingi vilikufa.