Kutoka muafaka hadi maridhiano

Zanzibar, neno muafaka lina historia yenye majeraha. Mwaka 1999 CCM na CUF walitia saini muafaka wa kwanza, kwa usuluhishi wa Emeka Anyaoku, Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola. Ugomvi ulikuwa wa uchaguzi wa 1995: Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Utekelezaji ukakwama. Januari 2001 watu wakauawa katika maandamano Pemba na Unguja, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huohuo ukasainiwa muafaka wa pili. Uchaguzi wa 2005 nao ukaishia kwenye mzozo.

Muafaka tumeupokea kutoka Kiarabu karibu kama ulivyo: ni kukubaliana. Mzizi wa maridhiano nao ni wa Kiarabu, ila Waswahili wameufinyanga wenyewe. Kwenye radhi tukapata ridhia, kisha ridhiana, na hiyo -ana inadai watu wawili, kama katika pendana. Tena radhi ni neno la nyumbani. Mtoto hutafuta radhi za wazazi. Anayekwenda Hija huwaomba radhi majirani. Kutoa radhi ni kuacha kinyongo.

Naamini neno lilibadilika kuwa maridhiano kwa sababu kazi yenyewe ilibadilika. Mazungumzo ya vyama yalikwama 2008. Novemba 5, 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu ya Zanzibar, bila msuluhishi wa nje. Kamati ya watu sita, chini ya mzee Hassan Nassor Moyo, ikabeba mzigo wa kuwashawishi wananchi. Julai 31, 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na Katiba ikaelekeza Makamu wa Kwanza wa Rais atoke chama kilichoshika nafasi ya pili. Katika uchaguzi wa Oktoba, Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Seif 49.1. Pengo lilikuwa jembamba tena, ila safari hii visiwa vikatulia.

Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, CUF wakasusia marudio, umoja ukavunjika. Desemba 2020 Maalim Seif, sasa wa ACT-Wazalendo, aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza, ilhali wafuasi wake wengi walikuwa bado na uchungu wa uchaguzi wa Oktoba. Alifariki Februari 17, 2021. Nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman, wa chama hichohicho.