Studio ya Moshi na Sauti Zilizosomwa Vibaya

Mtu akiandika skripti ya Python ili icheze wimbo, kisha kompyuta ikanyamaza au ikaimba kwa sauti nyembamba kama ya katuni, kwa kawaida hulilaumu faili. Atalipakua upya, atalibadili jina, na mwisho atasema limeharibika. Historia ya kurekodi na kurusha sauti mjini Moshi inanifanya niitilie shaka lawama hiyo. Sauti iliyorekodiwa haijawahi kujitosheleza. Siku zote imehitaji maelezo ya namna ya kuichezesha, na matatizo mengi tunayoyaita ya sauti ni matatizo ya maelezo hayo: yamepotea, yamekosewa, au hakuna aliyeyasoma.

Tarehe 26 Februari 1963 kituo cha redio cha Sauti ya Injili, kilichoanzishwa na Shirikisho la Kilutheri Duniani, kilizinduliwa Addis Ababa. Kilikuwa na mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja wa kilowati 100, ya kutosha kufika mbali sana nje ya Ethiopia. Vipindi vya Kiswahili, hata hivyo, viliandaliwa katika studio ya Moshi, na kanda zikapelekwa Addis Ababa kurushwa. Moshi haikuchaguliwa kwa bahati. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walikuwa wamefika kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1893, na makanisa waliyoyapanda yalikuwa miongoni mwa yaliyoungana mwaka huohuo wa 1963 kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Waandishi, wahubiri na waimbaji walikuwa hapo hapo. Mtambo mkubwa ndio uliokuwa mbali, na mpango huo ulimtenga aliyerekodi na aliyechezesha. Redio ya Dar es Salaam, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1951, ilikuwa na studio na mtambo katika mji uleule; fundi akikwama aliweza kumuuliza mwenzake. Fundi wa Addis Ababa alikuwa na kanda na kasha lake, basi.

Fikiria kasha hilo lilipaswa kumwambia nini. Kanda za redio za wakati ule zilikwenda kwa kasi ya sentimita 19 au 38 kwa sekunde, na mashine za kawaida zilikuwa pia na kasi ya sentimita 9.5. Kanda iliyorekodiwa kwa 19 ikichezeshwa kwa 9.5, mahubiri ya dakika kumi na tano yatachukua nusu saa, na mhubiri atanguruma kwa oktavu nzima chini ya sauti yake. Ikiwa nyimbo mbili zimewekwa sambamba, kila moja ikielekea upande wake, na mashine ikasoma upana wote, moja itasikika kinyumenyume. Hata urefu wa kipindi ulipaswa kuandikwa, kwa maana mtangazaji asiyejua kipindi kinaisha lini atakikata au ataacha ukimya hewani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho ni kasoro ya sauti. Kanda ni nzima kabisa, ila imesomwa vibaya.

Tahadhari ya kuambatanisha maelezo na sauti ilikuwepo kabla ya redio. Mwanaethnolojia Mjerumani Karl Weule alipozunguka kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906 akinasa nyimbo kwenye silinda za nta, mashine za aina hiyo zilizungushwa kwa kasi isiyo thabiti. Ndiyo maana hifadhi ya sauti ya Berlin iliwaagiza warekodi wake wapulize kipenga cha sauti maalumu mwanzoni mwa kila silinda, ili mchezeshaji wa baadaye arekebishe kasi mpaka kipenga kilie sawasawa. Maelezo yalifungwa ndani ya sauti yenyewe. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la busara kuliko lebo yoyote, kwa sababu lebo hubanduka.

Atasema mtu kwamba kaseti ilimaliza tabu hii. Philips waliitoa mwaka 1963, ikiwa na kasi moja, sentimita 4.76 kwa sekunde, na kwaya za Machame au Marangu ziliuza kanda zao bila kumfundisha mnunuzi chochote. Ni kweli, lakini makubaliano hayakufutwa; yalihamishiwa ndani ya redio kaseti, kwenye mota na mkanda wake wa mpira. Betri zilipochoka au mpira ulipolegea, kwaya ilivuta maneno, na mwenye redio alijua tatizo liko wapi: alibadili betri. Hakuitupa kanda. Kizazi kile kilikuwa na mazoea mazuri kuliko sisi.

Faili la WAV, muundo uliotoka mwaka 1991, liliweka maelezo mwanzoni mwa faili: sampuli ngapi kwa sekunde, biti ngapi, njia ngapi. Hapo ndipo tuliposahau kwamba maelezo yapo. Rekodi ya sampuli 44,100 ikisomwa na programu inayodhani ni 48,000, kipindi cha saa moja kitaisha baada ya dakika 55 na sekunde chache, na waimbaji wote watapanda juu. Faili la MP3 lililobatizwa jina la WAV litakataliwa na moduli ya wave ya Python, na kulibadili jina tena hakubadili kilichomo. Kisa cha kawaida zaidi hata hakihusu sauti: skripti inaanza kucheza, haingoji, inafika mstari wa mwisho na kujifunga wimbo ukiwa haujaanza kusikika. Ni yuleyule mtangazaji asiyejua urefu wa kipindi. Au skripti inatafuta faili katika folda ambamo halimo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vitu huharibika kweli. Kanda huota ukungu, na gundi ya baadhi ya kanda za miaka ya 1970 hunyonya unyevu mpaka zikanata kwenye mashine. Faili nalo hukatika katikati ya kupakuliwa. Sikatai. Lakini uharibifu una dalili zake: mikwaruzo, mapengo, sauti inayofifia. Sauti safi iliyo juu mno au chini mno, au ukimya usio na hata mkwaruzo mmoja, huelekeza kwingine.

Na maelezo yakipotea kabisa, kanda za miteremko hii bado zinaweza kuhojiwa. Umeme wa Tanzania hupiga mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake mara nyingi huingia kwenye rekodi iliyofanywa kwa mashine ya kuchomeka ukutani. Skripti fupi inayopima mawimbi ikiukuta mvumo huo kwenye 47, kanda inachezeshwa polepole kwa asilimia sita. Iliyorekodiwa kwa betri katika kanisa lisilo na umeme haina mvumo huo, na kwaya isiyo na ala huanza kwenye sauti yoyote ipendayo. Hapo yasikilizwe matarumbeta, urithi wa Walutheri wa Kijerumani ambao bado unasikika kwenye ibada na harusi za Kilimanjaro: shaba ilikatwa kiwandani kwa urefu maalumu, na kwa kawaida mpulizaji huirekebisha sauti yake kidogo tu.